Kisu cha Shylock Kisikike

Kijana wangu mmoja anayeongoza kikundi cha maigizo hapa Moshi ameniomba ushauri kuhusu onyesho la mahakamani katika Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare ambayo tafsiri yake ya Mwalimu Nyerere ilichapishwa mwaka 1969. Nilipokwisha kutazama mazoezi nilimweleza wazi kwamba ngoma zinazopigwa nyuma ya pazia, pamoja na makelele ya wahusika wote, zinaiua taharuki.

Taharuki ya onyesho hili inatokana na kazi ndogondogo zinazofanywa taratibu mbele ya mtu anayesubiri kuuawa, yaani Antonio, mfanyabiashara aliyeahidi ratili ya nyama ya mwili wake iwapo atashindwa kulipa mkopo wa Shylock, mkopeshaji fedha. Shylock ananoa kisu kwenye soli ya kiatu chake. Bassanio, rafiki wa Antonio, anamtolea ducat (sarafu za dhahabu) 6,000 badala ya 3,000 zinazodaiwa, naye anazikataa. Mizani ya kupimia ratili ya nyama iko tayari. Yote haya yamo katika maandishi yenyewe, kwa hiyo mwongozaji hana haja ya kuongeza chochote, ayape nafasi tu. Nimemshauri amketishe Shylock mbele kabisa ya jukwaa, anoe kisu wakati wengine wanazungumza, na wala asiwatazame. Mwigizaji wake huvaa raba, nayo raba haitoi mlio wowote. Atafutiwe kiatu chenye soli ya ngozi, na kisu chenyewe kiwe butu, kwa sababu hawa ni vijana na siku ya maonyesho mikono hutetemeka.

Antonio naye asilie. Afungue vifungo vya shati kimoja baada ya kingine, na cha mwisho kimsumbue.

Kuhusu Portia, mke wa Bassanio anayeingia mahakamani akijifanya mwanasheria, tulibishana sana. Mwenzangu anaamini kwamba Portia anaipata papo hapo hoja yake, kwamba mkataba unampa Shylock nyama tu bila tone la damu. Mimi naamini aliingia nayo mahakamani, na ndiyo maana anamuuliza Shylock kama ameandaa mganga wa kuzuia damu, akimpa nafasi nyingine ya kuwa na huruma kabla ya kumnasa. Mwigizaji akilishika hilo hatakuwa na haraka, na ile kauli ya kumtaka Shylock asubiri ataitoa kwa sauti ya chini, kisu kikiwa kimekwisha kuinuliwa. Kejeli za Gratiano, rafiki wa Bassanio, ambazo watazamaji wetu huzipenda mno, kabla ya hapo zisemwe kwa hasira, maana ukumbi ukishaanza kucheka ni vigumu kuurudisha.

Limebaki suala la paa. Maonyesho yamepangwa Aprili, mvua za masika zikiwa zimepamba moto, na ukumbi umeezekwa kwa mabati yasiyo na dari. Mvua ikianza wakati huo, Portia asishindane nayo kwa kupaza sauti. Anyooshe mkono kati ya kisu na kifua cha Antonio, asogee hadi ukingoni mwa jukwaa, ndipo aitaje damu.