Tausi nimfunge kizazi au nimwache?

Karibu mwaka mzima nimekua nawaza hili jambo. Tausi ni jike, mbwa mkubwa wa umbo, ana afya, anakula vizuri, sasa mtu unajiuliza namlazaje nusu kaputi apasuliwe tumbo, kizazi na ovari vitolewe, wakati haumwi? Kwakweli nilikua nimeshakata shauri nimwache tu.

Aliyenibadilisha mawazo ni Malkia, mbwa wangu wa kwanza. Alikua na miaka 8, hajawahi kuzaa, ametoka joto (kile kipindi cha kutaka dume) kama mwezi hivi nikaona anakunywa maji kupita kiasi, najaza bakuli asubuhi, saa nne limekauka, nikadhani ni jua kali tu. Baadae akaacha kula, akawa anajilamba nyuma muda wote, na siku moja nakunja tandiko lake nikakuta doa kama maziwa yaliyochanganyika na damu, ile harufu mpaka leo naikumbuka. Kupigwa ultrasaundi, kizazi kimejaa usaha. Wanaita payometra. Daktari akanieleza kwamba kila joto likiisha homoni ya projesteroni inabaki juu kwa wiki kadhaa, awe amepandwa au hajapandwa, ukuta wa kizazi unanenepa na bakteria wakishaingia wanapata pa kuzaliana. Yaani operesheni ileile niliyoikwepa miaka yote ikabidi afanyiwe usiku, ana homa, hana nguvu. Alipona, ila nililala naye sakafuni siku 3 namsikiliza anavyopumua na siombei mtu apitie hayo.

Kwahiyo kwa Tausi swali la kama nimfunge likaisha, likabaki la lini, na hapa ndipo watu wengi wanaharakisha. Ukimfunga kabla ya joto la kwanza unapunguza sana hatari ya uvimbe wa matiti, hilo madaktari wengi wanakwambia. Lakini homoni zinazotoka kwenye ovari ndizo zinazoiambia mifupa iache kurefuka, ukiziondoa mapema kwa mbwa wa umbo kubwa viungo vinaweza kusumbua. Chuo Kikuu cha California, Davis walitoa utafiti 2013 kuhusu mbwa wa aina ya Golden Retriever, waliohasiwa kabla ya mwaka mmoja walionekana kupata zaidi matatizo ya nyonga na magoti. Halafu kuna majike wanaanza kuvujisha mkojo wakiwa wamelala baada ya kufungwa, hasa hawa wakubwa, dawa zipo ila ujue kabla. Ingekua kambwa kadogo nisingesubiri. Tausi nimemwacha amalize kukua, akapata joto lake la kwanza, wiki 3 za kumchunga kama mboni ya jicho, manake mimba yake ni siku 63 tu na ukizubaa kidogo una watoto 8 wa kutafutia kwa kulala.

Na hili la "mwache azae hata mara moja kwanza" naomba tuliache, halimsaidii mbwa chochote kiafya.

Mwenye dume hesabu yake ni tofauti kidogo, hana kizazi cha kujaa usaha, ila akihasiwa saratani ya korodani inakua haipo tena na tezi dume halimsumbui sana uzeeni. Usimhasi kwa kutegemea atatulia lakini, mbwa mwoga anabaki mwoga, wengine wanazidi. Na umtenge na majike wiki kadhaa baada ya operesheni, bado anaweza kupandisha.

Daktari alitaka ipite miezi 2 hadi 3 baada ya joto ili mishipa ya damu ya kizazi isinyae kwanza, imeshapita, vipimo vya damu viko sawa, Alhamisi ndio siku. Jumatano usiku hali kitu. Kola ya kumzuia asilambe mshono nimeanza kumvalisha mapema azoee, atakua nayo mpaka nyuzi zitolewe, siku 10 hadi 14, na bakuli lake nimeliinua juu ya kigoda kwasababu chini kola inagonga sakafu hafikii maji.