Jinsi Nilivyofanikiwa Kutengeneza Kalamu kwa Mti wa Mbuni

Seti ya kutengenezea kalamu huja na sehemu zote za chuma zikiwa tayari: ncha, kishikizo cha mfukoni, pete ya katikati, kizungusho kinachotoa na kurudisha wino, pamoja na mabomba mawili ya shaba ambayo mbao hugandishwa juu yake kabla ya kukerezwa. Sehemu hizo ni zilezile kwa kila anayenunua seti ya aina hiyo, popote alipo, na kwa hiyo kinachoitofautisha kalamu moja na nyingine ni mti na mkono wa mkerezaji. Mimi si seremala kwa kazi. Hukereza jioni na siku za mapumziko hapa Mbeya, kwa mashine ndogo ya kukereza niliyoinunua ikiwa imeshatumika, na tangu mwanzo nilitamani kalamu zangu ziwe za mti wa huku kwetu. Mninga ni mzuri na haumsumbui anayejifunza, na mpingo hauna mpinzani kwa weusi na uzito, lakini mti nilioupenda kuliko yote ni mbuni, yaani mti wenyewe wa kahawa.

Wakulima wa Mbozi hukata mibuni iliyozeeka karibu na ardhi ili kisiki kichipue upya, na mashina yanayobaki huishia jikoni. Nilipomwamkia mzee mmoja na kumweleza shida yangu, alinitazama kwa mshangao kidogo, kisha akasema, "Hizo ni kuni tu, mwanangu, chukua unazoweza kubeba." Nilichagua vipande vya chini kabisa vya shina, kwa sababu huko juu mti ni mwembamba na umejaa vifundo vya matawi. Mti wa mbuni ni mgumu, nyuzi zake zimeshikana sana, na rangi yake ni ya maziwa yenye umanjano, mara nyingine ikiwa na michirizi ya kahawia karibu na kiini. Ukikerezwa kwa patasi kali hutoka laini kiasi kwamba msasa unabaki na kazi ndogo.

Kazi kubwa iko kwenye ukaushaji, na hapa ndipo ninapotaka kumsihi msomaji asiwe na haraka. Shaba haisinyai kwa kukauka, lakini mti husinyaa, tena husinyaa zaidi kwa upana kuliko kwa urefu. Kwa hiyo mti mbichi uliogandishwa juu ya bomba hujibana, na usipopata pa kwenda hupasuka kwa urefu, hata kama kalamu imekwisha kung'arishwa na kukabidhiwa kwa mwenyewe. Mbuni una tabia ya kupasuka kuliko miti mingi niliyoijaribu. Mara tu ninapofika nyumbani huyeyusha mishumaa na kuchovya ncha zote mbili za kila kipande, kwa kuwa maji hutoka upesi zaidi kwenye ncha na hapo ndipo nyufa huanzia. Kisha hupasua shina katikati ili kuondoa kiini, na baadaye huchonga vipande vya mraba wa milimita 20 hivi, ambavyo huvipanga chini ya paa, mbali na jua, nikiweka vijiti katikati ili hewa ipite.

Mvua zetu huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na katika miezi hiyo hewa huwa na unyevu ambao mti hauwezi kuushinda. Kwa hiyo hupendelea kukausha kati ya Mei na Oktoba, wakati upepo ni mkavu ingawa baridi ni kali. Sitegemei macho kuamua kama mti umekauka. Kila kipande hukipima kwa mizani ya jikoni na kuandika uzito wake kwa penseli ubavuni, tarehe ikiwa pembeni, na hurudia kupima kila baada ya muda. Namba hushuka haraka mwanzoni, halafu polepole, na zinapogoma kushuka kabisa najua kwamba mti umelingana na hewa ya nyumba. Vipande vingine vina safu ndefu ya namba hizo, na nina furaha ya kweli ninapoona mbili za mwisho zinafanana.

Kabla ya kukata kipande kiwe nusu mbili huchora mstari wa penseli kuvuka mahali pa kukatia, ili nusu mbili zirudiane zilivyokuwa na nyuzi za mti zionekane kupita moja kwa moja kutoka upande mmoja wa kalamu hadi mwingine. Seti nyembamba ninazotumia zina mabomba yanayohitaji tundu la milimita 7. Tundu hilo hulitoboa polepole, nikiitoa biti mara kwa mara ili kumwaga unga, maana joto la biti iliyosongwa linatosha kupasua mti mgumu. Mabomba huyakwaruza kwa msasa ili gundi ishike, kisha huyagandamiza ncha kwenye kipande chembamba cha kiazi mviringo, ambacho hubaki kama kizibo na kuzuia gundi isiingie ndani. Gundi ya kuchanganya ya epoksi ndiyo ninayoiamini zaidi, ila mwezi wa Juni na Julai baridi huichelewesha kukauka, na hulazimika kuleta vipande ndani, karibu na jiko.

Baada ya ncha za mbao kusawazishwa hadi shaba ianze kung'aa, vipande huingia kwenye ufito wa mashine, yaani fimbo nyembamba ya chuma inayopita ndani ya mabomba, vikiwa vimebanwa kati ya bushi, vipete vya chuma vinavyoonyesha unene wa mwisho. Nati ya ufito isikazwe kupita kiasi, kwani ufito ukipinda kalamu hutoka na umbo la yai. Patasi hunolewa kabla ya kuanza na mara nyingine tena kabla ya mkono wa mwisho. Ikiwa kali, mbuni hutoa nyuzi ndefu nyepesi, na ikianza kutoa vumbi najua wakati wa kunoa umefika. Msasa hufuata, kuanzia namba 150 hadi 600, na kila ninapobadili namba husimamisha mashine na kusugua kwa kufuata urefu wa mti ili mikwaruzo ya mzunguko ifutike. Barakoa na miwani ni lazima, na kwa mpingo hasa, kwa sababu vumbi lake huwasha.

Kwa kuwa mbuni ni mweupe, nta peke yake huruhusu jasho la mkono kuuchafua. Hupaka supa gluu nyepesi kwa kipande cha karatasi laini, tabaka baada ya tabaka, dirisha likiwa wazi kwa sababu ya mvuke wake mkali, kisha husugua kwa msasa laini wenye maji hadi uso ung'ae kama kioo.

Kuunganisha hufanyika kwa jiliwa yenye vibao laini kwenye meno yake. Ncha husukumwa kwanza kwenye nusu ya chini, kisha kizungusho huingia upande wa pili kidogo kidogo, nikijaribu wino kila mara, maana kikizidi kuingia ncha ya wino haitarudi ndani tena na kukivuta ni kuhatarisha mti. Ndipo kishikizo hufungwa kwenye nusu ya juu, pete huwekwa katikati, na nusu mbili hukutanishwa kwa kufuata alama ya mstari ule wa penseli.

Seti hizo nyembamba hutumia wino wa aina ya Cross, ambao nimepata taabu kuupata katika maduka ya vifaa vya ofisi hapa mjini. Kwa kalamu ninazowapa watu, siku hizi huagiza seti nene kidogo zinazopokea wino wa aina ya Parker. Tundu lake ni kubwa zaidi na hubadilika kulingana na seti, kwa hiyo biti yake huagizwa pamoja na seti yenyewe.