Lenzi pana sana na picha za mandhari: uzoefu wangu

Lenzi ya milimita 14 kwenye kamera ya fremu kamili (yenye kihisi cha picha cha ukubwa wa filamu ya milimita 35) inaona takriban nyuzi 114 kutoka pembe hadi pembe. Wengi huipenda wakitaka mlima, ziwa na anga vyote vienee kwenye picha moja. Vinaenea kweli, lakini mlima uliokusimamisha njiani unatoka mdogo kama kichuguu. Kwangu mimi lenzi hii ni ya kusogelea vitu.

Nikifika mahali, mlima nauacha kwanza. Natazama chini: jiwe lenye ukoga, mizizi iliyojitokeza, mifereji ambayo maji yameichora kwenye mchanga. Nikipata kitu, nashusha stendi mpaka kamera iwe chini ya magoti, kisha naisogeza hadi jiwe liwe kama sentimita 40 mbele ya kioo. Umbali huo ukishafika, hata hatua ya upana wa kiganja ina uzito wake. Nikisogea mbele kidogo tu, jiwe linavimba na kuziba ziwa lote. Nikiinua kamera kidogo, panafunguka ukanda wa maji kati ya jiwe na mlima, na jicho linapata njia ya kupita. Muda wangu mwingi unaishia hapo, nimepiga goti, nikipandisha na kushusha.

Baada ya hapo nageukia fokasi, yaani kulenga ukali wa picha. Kwa milimita 14 na f/11 (kipimo cha tundu la lenzi linalopitisha mwanga; namba ikikua, tundu hupungua), nikilenga sentimita 60 hivi, ukali unaanzia kama sentimita 30 na kwenda mpaka mwisho wa upeo wa macho. Hiyo ni hesabu ya kawaida, nayo ina ulegevu kidogo kwa vitu vya mbali, kwa hiyo nakuza picha kwenye skrini na kuukagua mlima. Ukiwa hauna ukali, napiga picha mbili, moja nikilenga jiwe na nyingine nikilenga mlima, halafu naziunganisha kwenye kompyuta. Sipendi kufunga tundu hadi f/22, maana mwanga ukipita kwenye tundu dogo hivyo hutawanyika na picha nzima hupoteza ukali.

Msituni naiweka kamera sawasawa kabisa. Ukiinua lenzi juu, miti inainamiana kuelekea katikati; ukiiinamisha, inatawanyika kwenda nje. Penye uwazi usio na miti wala nguzo, naiinamisha bila wasiwasi, hasa anga likiwa tupu, ili libaki utepe mwembamba juu na ardhi ichukue nafasi. Pembezoni mwa fremu vitu hurefushwa. Wingu au mstari wa mawe hupendeza hivyo, lakini mtu nisingemweka hapo.

Filta ya polaraiza, kioo cha kupunguza mng'ao na kukoleza buluu ya anga, naivua kila anga linapoingia. Nguvu yake ni kubwa zaidi nyuzi 90 kutoka kwenye jua, na lenzi pana hivi inabeba sehemu hiyo pamoja na nyingine zisizoguswa, hivyo unapata doa la buluu nzito katikati ya anga lililopauka. Kwenye kijito chenye majani yaliyolowa, bila anga, inafanya kazi nzuri sana.

Pasipokuwa na chochote cha kusogelea, sihangaiki. Nafunga lenzi ya kuvuta vitu vya mbali, ya milimita 70-200, na mlima unapata ukubwa wake.