Kabla abiria hawajapanda

Wenzangu mnaojitolea kuendesha treni ya makumbusho ya mgodi, msiruke ukaguzi wa njia asubuhi. Njia ya milimita 610 kati ya reli na reli haina msamaha: ikitanuka mno gurudumu linadondoka ndani, ikibana ukingo wa gurudumu unapanda juu ya reli.

Pimeni upana huo kwenye kona, kwenye maungio, na hasa pale maji yanapotuama, maana taruma, yaani gogo linalobeba reli, likioza halishiki msumari. Ligongeni kwa nyundo. Taruma zima hulia kwa ukali, bovu hutoa sauti iliyofifia. Msumari ukizunguka kwa vidole, badilisheni taruma, msigongelee tu upya.

Breki nazo zijaribiwe behewa likiwa tupu. Reli ikilowa umande, nyunyizeni mchanga mkavu. Maana gurudumu lililokabwa na breki likiteleza huchongeka upande mmoja.