Vifuu vya nazi kwenye tuta la mchicha

Upande wetu wa Mkuranga ardhi ni mchanga. Unamwagilia asubuhi, jua likipanda mchicha umeshanyong'onyea, na samadi uliyonunua kwa fedha yako masika inaishusha kule mizizi isikofika. Ndiyo nikaanza kutengeneza baiocha, mkaa wa kufukia udongoni badala ya kupikia.

Kukata mti kwa kazi hii ni upuuzi wakati vifuu vimejaa kila ua. Nilichimba shimo pana juu, jembamba chini, nikawasha moto mdogo, kisha nikawa naongeza vifuu vikavu kidogo kidogo. Kazi yenyewe ni kutazama: tabaka la juu likianza kuota weupe wa jivu, lifunike kwa jingine. Mwali wa juu unachoma moshi na kuinyima hewa sehemu ya chini, hivyo vifuu vinageuka mkaa bila kuteketea. Ukiona moshi mzito, ujue vifuu ni vibichi au umevirundika kwa pupa. Shimo lilipojaa nilimwaga maji, ndoo juu ya ndoo. Hapo usifanye ubahili. Kaa likibaki linawaka ndani, kesho utazoa jivu.

Niliuponda mkaa huo kwa mchi ndani ya viroba, ungali umelowa, maana vumbi lake si la kuvuta. (Mzee wa jirani akaniuliza: "Mwanangu, mkaa nao una mazishi?")

Mkaa mtupu hauna chakula cha mmea. Ni nyumba yenye vyumba vitupu, na ukiufukia hivyo hivyo utaanza kunyonya naitrojeni ya mboga zako. Kwa hiyo niliuchanganya na samadi ya kuku na majani mabichi, nikalowesha, nikafunika kwa makuti, ukaiva pamoja na mboji kwa wiki kadhaa. Baadaye nikaweka debe moja la lita 20 kwa kila mita moja ya mraba, nikachanganya hadi kina cha sentimita 20. Hiyo ni kama sehemu moja ya kumi ya udongo.

Tuta moja nililiwekea samadi tu, bila mkaa. Kiangazi tofauti ikaonekana: tuta lenye mkaa namwagilia leo, kesho naliruka, lile jingine halivumilii hata siku moja.

Walio ufukweni, kwenye udongo wa matumbawe, wapime udongo kwanza. Mkaa wa namna hii hupunguza tindikali, na udongo wao tayari una alikali nyingi. Njombe, kwenye udongo wenye tindikali, hilo hilo ni faida.