Nimeing'oa foleni kwenye keneli yangu

Usiku wa kuamkia Jumapili nimefuta mistari 812 ya msimbo, na keneli yangu ikawaka vizuri kuliko ilivyowahi kuwaka.

Kwa mgeni: keneli ni kiini cha mfumo endeshi, na wangu ni mfumo mdogo ninaouchezea nikitoka kazini, hapa Nkuhungu, Dodoma, upepo wa Agosti ukitikisa mabati. Dereva wa diski, seva ya mafaili na mwandishi wa matukio (anayeandika yanayotokea kwenye mfumo) ni michakato inayojitegemea, inatumiana ujumbe kupitia keneli.

Mwanzoni nilijifanya fundi wa mambo makubwa. Kila mchakato ulikuwa na sanduku lake ndani ya keneli, foleni yenye madaraja, muda wa kuisha, ujumbe wa ukubwa wowote. Mtumaji anadumbukiza, anaondoka zake. Siku nikauacha mfumo ukeshe. Asubuhi nikaukuta umeganda: mwandishi wa matukio alikwama, wenzake wakaendelea kumdumbukizia mpaka memori ikaisha. Nikaweka kikomo cha ujumbe 64. Haya, ikijaa je? Tuutupe ujumbe, au mtumaji asubiri? Na kama atasubiri, foleni ya nini?

Swali hilo nililibeba hadi standi, kupokea zabibu za shangazi kutoka Hombolo. Shangazi hataki mzigo wake ulale stoo. Anampa konda mkononi, kisha ananipigia: "Baba, gari limetoka, kakae palepale." Nikichelewa, konda ananisubiri huku akinisema kwenye simu. Ila zabibu hazijawahi kuoza.

Jochen Liedtke, mtaalamu wa kompyuta wa Kijerumani, alishalipigia hesabu jambo hili mwaka 1993. Kwenye mashine ya prosesa ya 486 ya megahezi 50, ujumbe mfupi ndani ya Mach, keneli ya Carnegie Mellon, ulichukua maikrosekunde 115. Kwenye L3, keneli yake mwenyewe, 5. Siri mojawapo: ujumbe mfupi unapita kwenye rejista, vyumba vidogo vya ndani ya prosesa yenyewe, haulali popote.

Kwangu sasa mtumaji na mpokeaji wanakutana uso kwa uso, anayewahi anasubiri. Ujumbe ni rejista nne, basi. Data kubwa inakaa kwenye ukurasa wa memori wanaoushiriki, ujumbe unasema tu iko wapi.

Kasheshe ikabaki moja. Dereva wa diski anaitumia seva ujumbe, seva nayo inamtumia yeye, kila mmoja anangoja mwenzake apokee. Siku mbili zikapotea hapo. MINIX 3, mfumo endeshi mwingine wa aina hii, hulikagua duara la namna hiyo na kumrudishia mtumaji kosa. Mimi nimeshika njia ya kivivu: maombi yanashuka tu, kutoka seva kwenda kwa dereva. Dereva akitaka kuistua seva anawasha biti moja na kuendelea na kazi. Akiiwasha mara kumi kabla haijasomwa, ni biti ileile, hakuna kinachojaa.

Mwandishi wa matukio bado ananitia mashaka. Akikwama, sasa anawagandisha wote wanaomwandikia. Nafikiri nimpe ukurasa wa kuzunguka, mistari mipya ifute ya zamani. Labda wiki ijayo, zabibu zikiisha.