Ulalo Uliokataa Kufunga: Nilivyovuka Mwaka wa Tatu wa Usanifu Majengo

Kriti yangu ya mwisho ya mwaka wa pili, yaani kikao cha kutetea michoro mbele ya walimu, ilikwisha kwa dakika kama saba. Tulikuwa tumepewa kubuni maktaba ya mtaa, Nairobi, na mimi mtoto wa Lamu nikaona hapa ndipo pa kuwaonyesha watu. Nikaweka daka mbele, ule ukumbi wa mlangoni, na baraza zake mbili za kukalia. Nikaweka mlango wa kuchonga. Ukuta mzima wa chumba cha kusomea nikaujaza zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na juu nikapanga boriti, miti ya mikoko inayobeba dari, zikionekana, vile zinavyoonekana kwetu.

Mwalimu mmoja akaikaribia karatasi, akaitazama, kisha akauliza zidaka ni za nini. Nikajibu, "Ni utamaduni wetu." Akauliza vitabu vitakaa wapi, maana kidaka nilichochora kilikuwa na kina cha sentimita 15. Nilikuwa bado natafuta jibu alipoweka kidole kwenye mkato, mchoro unaoonyesha jengo kama limekatwa wima, akasoma upana wa chumba: mita tisa. "Na boriti ya mita tisa utaikata kwenye mkoko gani?"

Darasa zima likacheka. Nami nikacheka, kicheko cha mtu aliyejikwaa sokoni. Alama nilizopata zilinitosha kuvuka mwaka, hazikutosha hata moja zaidi.

Nieleze kidogo kwa wale wanaofikiria kozi hii. Kwetu ilikuwa miaka sita, na ukimaliza hujawa msanifu bado. Kuna mazoezi ya kazi na mitihani ya bodi kabla ya jina lako kuandikwa kwenye rejista, kwa sheria ya Kenya sura ya 525. Mwaka wa kwanza ni mkono tu: mistari, herufi, vivuli, modeli za kadibodi, vidole vimejaa gundi na vidonda vya kisu. Usingizi huwa wa kuibia chini ya meza ya studio. Pesa nyingi zinaliwa na uchapishaji, na karatasi kubwa ya A1 haikungoji mpaka fedha za mkopo ziingie. Nilijifunza kuchora kila kitu kwa penseli kwanza na kuchapisha mara moja tu, usiku wa mwisho, pamoja na wenzangu watatu ili tupunguziwe bei. Hayo yote yanavumilika. Lile la boriti ndilo lililonikosesha raha, kwa sababu nilikuwa nimelala chini ya boriti tangu nizaliwe na sikujua hata moja ina urefu gani.

Mwaka wa tatu tukapewa kazi ya likizo: kila mtu apime jengo moja la zamani, alichore lote kwa skeli ya 1:50. Nikapanda basi mpaka Mokowe, nikavuka kwa boti, nikafika nyumbani Langoni na tepu ya mita 30 ndani ya mkoba. Nyumba yetu ni ya matofali ya saruji, haina hata miaka ishirini. Basi mama akanipeleka Mkomani kwa bibi mmoja, jamaa yake, mwenye nyumba ya mawe ambayo yeye mwenyewe anasema hata babu yake aliikuta imesimama.

"Sabalkheri, bibi."

"Sabalkheri, mwanangu. Ingia, usisimame yuani."

Wanafunzi wenzangu wawili, wanaume, walikuwa wamenifuata mpaka Lamu kwa sababu mji wa kale umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, nao walitaka nyumba ya namna hiyohiyo. Bibi aliwapa kahawa na halua, akawazungumza vizuri sana, na wakaishia hapohapo kwenye daka. Ndivyo daka ilivyokusudiwa kufanya kazi: kumpokea mwanamume mgeni bila kumwingiza ndani. Mimi nilikuwa nimeichora kwenye maktaba kama pambo, pahali ambapo kila mpita njia ana haki ya kuingia mpaka rafu ya mwisho! Wenzangu wakaenda kupima jengo la pwani lisilo na wenyewe ndani. Mimi nikapita kwenye kiwanda, yaani ua wa nyumba, nikapanda msana wa tini, msana wa yuu (kumbi mbili nyembamba, wa chini na wa juu), mpaka ndani kwenyewe, chumba cha mwisho, na kila chumba sakafu yake imeinuka kidogo kuliko ya chumba kilichotangulia.

Siku ya kwanza niliiharibu yote. Nilishika daftari, nikachora mistatili minne iliyopangana vizuri, kisha nikaanza kuijazia vipimo, mdogo wangu akishika kichwa cha tepu. Usiku nikakaa kuchora. Ukuta wa kaskazini wa msana wa kwanza una mita 7.84, wa kusini 7.61. Sasa mstatili gani huo? Nikajiambia nimekosea kusoma. Asubuhi nikarudi, nikapima tena: 7.84 na 7.61. Nyumba haikuwa na pembe mraba hata moja, nami nilikuwa nimeshaichorea pembe mraba kabla sijaigusa.

Kwa anayekabiliwa na kazi kama hii, nitasema nilivyofanya baadaye. Usiamini pembe, amini pembetatu. Chumba cha kuta nne unapima kuta zote nne, kisha ulalo kutoka pembe hii mpaka ile inayoikabili, kisha ulalo mwingine. Kuta nne na ulalo mmoja zinakutosha kuchora umbo kwa bikari: unaweka ulalo kwenye karatasi, unazungusha tao kutoka kila ncha, zinapokutana ndipo pembe ilipo. Ulalo wa pili huuchori, unautumia kama shahidi. Ukilingana na karatasi, umepona. Ukikataa, kuna uongo mahali.

Wangu ulikataa. Msana wa kwanza ulalo wa pili ulizidi kwa sentimita kumi kamili, na ukamilifu ule ndio ulionishtua, kwa sababu ukuta wa mawe na chokaa hukosea kwa sentimita tatu au saba, haukosei kwa kumi kamili. Tepu yetu ilikuwa imekatika kichwa. Tulikuwa tunaanzia kwenye alama ya sentimita 10, kisha natoa kumi ninapoandika. Mara moja sikutoa. Mdogo wangu aliponiona nimejishika kichwa akasema, "Si nilikwambia tukope tepu ya ami?" Hakuwa ameniambia kitu kama hicho, lakini nilinyamaza.

Ami ni fundi wa nyumba za mawe, ameanza kuchanganya chokaa akiwa mdogo kuliko mimi. Alikuja na tepu nzima, timazi, na mpira mwembamba wa plastiki unaopenya mwanga. Mpira ule aliujaza maji, akanipa ncha moja nishike kiwandani, mwenyewe akaingia na ncha nyingine mpaka ndani, akipita milango mitatu na kona mbili. Maji yalipotulia tukatia alama ya penseli kila mmoja kwake. Alama mbili hizo ziko usawa mmoja, hata kama hatuonani. Kuanzia hapo unapima kushuka chini, na unajua sakafu ya ndani imepanda kiasi gani kuliko ya kiwanda. Chuoni tulikuwa na vifaa vya miali ya leza vya kufanya kazi hiyo, vimefungiwa kabatini. Ule mpira haukuwa na thamani ya chakula cha mchana.

Halafu ami akaniuliza upana wa vyumba. Nikamsomea: 2.62, 2.55, 2.68.

"Unajua kwa nini havipiti hapo?"

Nilikuwa naanza kujua, lakini nilimwacha aseme. Mikoko wafanyabiashara huipanga kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Boriti ikishaingizwa ukutani pande zote mbili, na juu yake yakapangwa mawe ya matumbawe, na juu ya mawe ikamwagwa zege ya chokaa, mzigo ni mkubwa mno. Ukiipa zaidi ya mita tatu itapinda. Kwa hiyo chumba kinakuwa chembamba na kirefu, na ukitaka nyumba kubwa zaidi hupanui chumba, unaongeza chumba kingine sambamba nacho. Ndiyo maana msana, msana, ndani, vimepangana kama mashua gatini. Plani nzima ya nyumba imetoka kwenye urefu wa mti unaoota kwenye tope.

Akanionyesha pia pahali boriti inapofia. Katikati inaweza kuwa nzima, inayooza ni ncha iliyofichwa ukutani, hasa ukuta unaopata maji ya mvua. Alichukua msumari akabonyeza pale boriti inapoingia kwenye chokaa, nao ukazama kama kwenye mkate. Boriti tatu za ndani zilikuwa hivyo. Siku hizi kubadilisha si kazi ya siku moja. Tangu marufuku ya ukataji miti ya 2018 watu wengi walijifunza kungoja, na baadhi wakaweka chuma.

Kukabaki paa. Bibi aliposikia nataka kupanda alinitazama buibui langu. "Yuu huendi na hilo, utaanguka." Nikaazima suruali ya mdogo wangu, nikaivaa chini ya dera, nikapanda na daftari mdomoni. Ilikuwa Machi, kaskazi imekatika na kusi haijaanza, hata jani halitikisiki. Nasema hili kwa sababu chuoni kuna mazoea ya kuzisifu nyumba hizi kuwa baridi wakati wote. Kichochoro ni baridi kweli, maana kuta zinakitia kivuli mchana kutwa. Lakini ndani, bila upepo, mwezi wa Machi, ni joto na giza, na bibi mwenyewe ana feni mbili.

Nilikaa siku kumi na moja. Nilirudi Nairobi na karatasi nne: plani mbili, mkato mmoja, na sura ya mbele ya kichochoroni ambayo ni ukuta mtupu na mlango. Kriti hiyo ilichukua karibu nusu saa. Mwalimu yuleyule wa boriti aliuliza unene wa ukuta nimeupataje ikiwa huwezi kupitisha tepu. Nikamwambia nimepima kwenye kizingiti cha kila mlango, ni kati ya sentimita 44 na 52, na pale pasipo mlango nimeuacha kwa mstari wa nukta. Akaitikia kwa kichwa tu. Kwa yeye hiyo ni nyingi.

Mradi uliofuata ulikuwa zahanati, nao haukuwa na kidaka hata kimoja. Nilianza kwa kuuliza mbao za urefu gani zinapatikana kwa urahisi karibu na kiwanja, nikapata upana wa vyumba kabla sijachora chochote, nikavipanga sambamba, upande mrefu ukitazama kaskazini na kusini ili jua la asubuhi na la jioni lipige kuta fupi. Hakuna aliyeniambia inafanana na Lamu, na mimi sikusema. Nilivuka mwaka kwa alama nzuri.

Likizo iliyofuata nilimpelekea bibi nakala ya plani ya nyumba yake. Aliigeuza mara mbili, akauliza kitanda chake kiko wapi. Nikamwonyesha. Akafuata kwa kidole mpaka msana wa tini, akauliza ule una mita ngapi, kwani alitaka kuagiza mkeka wa ukili wa kuenea chumba kizima. Nikamsomea kwa fahari: 7.84 kwa 2.62. Mkeka ulikuja baada ya majuma kadhaa, umesukwa vizuri, mraba kila pembe. Tukautandika, ukakaa sawa upande wa kaskazini, na upande wa kusini ukapanda ukutani kwa sentimita 23.

Bibi akauangalia. "Sasa ziada hii nayo," akasema, "utaitoa wapi?"